Nani Atabaki na Kompyuta

Mwaka 2025 Siku ya Nyerere iliangukia Jumanne, na watu wote wa nyumba yetu ya Tabata walikuwapo sebuleni. Tarehe hiyo, 14 Oktoba, ndiyo Microsoft walikuwa wameitangaza zamani kuwa ya mwisho kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na kuhudumiwa kwa miaka kumi. Kompyuta yetu haikuzimika wala haikupoteza kitu. Ilileta tangazo lililojaa kioo kizima, binti yangu akalisoma kwa sauti, na baba mkwe wangu akapunguza redio akauliza, "Sasa mwenzangu huyu kastaafishwa na nani?"

Kijana wangu wa kiume, aliyekuwa akisubiri chuo kifunguliwe, alimweleza babu yake kwamba kilichostaafu si mashine, ni programu inayoiendesha. Itawaka kesho na keshokutwa kama kawaida. Ila mwizi wa mtandaoni akigundua upenyo mpya ndani ya Windows 10, hakuna atakayekuja kuuziba. Na humo ndani, akasema, mna barua pepe za Baba, mna hesabu za kikoba cha Mama, mna picha zote za harusi ya shangazi na za msiba wa Bibi.

Niieleze kompyuta yenyewe, maana bila hivyo mvutano uliofuata hautaeleweka. Tuliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika nje, binti akiwa bado shule ya msingi. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha tano, RAM yake GB 4. Bawaba ya kulia ilikwishapasuka, kwa hiyo kioo kiliegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Betri ilikufa ikawa inaishi kwa chaja. Umeme ukikatika nayo inakatika. Na kitufe cha A kilikuwa kikizama hakirudi mpaka ukibanue kwa ukucha. Kwa Kiswahili hakuna herufi inayotumika kuliko A. Baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuwa akiandika historia ya kijiji chao cha Usambara, na ukurasa mmoja ulimchukua asubuhi nzima kwa ajili ya kitufe hicho kimoja.

Kila mtu alikuwa na dai lake juu ya mashine ile. Mume wangu jioni huwafungia mahesabu wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na anatumia programu ya hesabu iitwayo Tally. Binti alikuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa ukimsubiri Novemba, na mitihani ya miaka ya nyuma alikuwa anaisoma humo. Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Baba mkwe wangu, ambaye namwita Baba, ana kijiji chake. Kijana ana programu zake za chuo. Kwa miaka mingi tulipangiana zamu na hakuna aliyeuliza mashine inaendeshwa na nini. Swali hilo liliingia nyumbani siku ile ya tangazo na halikutoka mpaka Desemba.

Kuhamia Windows 11 kwenye mashine ileile hakukuwezekana. Mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, unadai RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel unaanzia kwenye kizazi cha nane isipokuwa chache sana. Yetu ilifika kwenye RAM ikaishia hapo. Mume wangu alikuwa wa kwanza kuona njia. Microsoft wameweka mpango wa mwaka mmoja wa nyongeza kwa watu wa majumbani, hadi Oktoba 2026. Unaupata kwa kulipa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwao kwa akaunti ya Microsoft. "Tujiandikishe," akasema, "mwakani tutakuwa na uwezo zaidi." Nilimwonyesha kitufe cha A. Mwaka wa nyongeza ungeziba upenyo wa wezi, lakini usingerudisha betri wala bawaba.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja siku ileile kula pilau. Yeye anauza simu Kariakoo na ana watu wake kila ghorofa. Akasema, "Shemeji, msijisumbue. Nipeni hela, kesho jioni nawaletea laptopu imepigwa Windows 11, nyembamba, betri nzima." Kijana wangu naye akasema kwamba mashine ya zamani haihitaji kutupwa, inahitaji mfumo mwepesi zaidi, yaani Linux, na haulipiwi. Baba mdogo wake akamuuliza Linux ni ya nani. Kijana akasema haina mwenyewe mmoja. Shemeji akasema kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kumlaumu kikiharibika. Hapo ndipo walipoanza, na pilau ikapoa.

Baba mkwe ndiye aliyewanyamazisha. Alimtazama mjukuu wake akasema: "Wewe unajua sana, nami nakuamini. Lakini mwezi ujao uko Dodoma. Baba mdogo wako jioni yuko kwake. Nataka kujua, nani atabaki na kompyuta?"

Nimesoma na kusikia mengi juu ya kuchagua mfumo, na karibu yote yanalinganisha mashine kwa mashine na bei kwa bei. Sijakuta swali linalofikia hilo la Baba. Katika nyumba zetu mjuzi ni mtu anayepita, kijana wa chuo au shemeji wa Kariakoo au fundi wa mtaani. Anakuja, anapanga mambo yote kwa namna anayoijua yeye, anaondoka. Wanaobaki ni wazee, wanafunzi na akina mama wenye madaftari. Mfumo unaomfurahisha mjuzi ukawashinda wanaobaki ni mzigo, hata ukiwa wa bure. Nao mfumo wa kulipia ambao hakuna nyumbani anayeelewa umewekwaje ni mzigo uleule.

Habari za Mac zilipita upesi, bei ilizifunga. Kijana alitaja pia mfumo wa Google uitwao ChromeOS Flex, unaoweza kuwekwa kwenye mashine kuukuu. Lakini ule unategemea sana intaneti, na sisi tunanunua bando kwa kipimo.

Tulimpa shemeji hela. Alirudi na mashine kweli nzuri, nyembamba, kioo hakina doa, kibodi inawaka taa gizani. Ilipowashwa ikaja Windows 11 na nembo yake. Binti akapiga vigelegele. Baba akaandika jina la kijiji chao, lenye A tatu, akatabasamu. Shemeji akakaa kwenye kochi kama mtu aliyemaliza kazi ya ukoo.

Kijana wangu alisubiri mpaka watu wamekunywa chai, kisha akafungua mipangilio akasoma jina la prosesa: i5-6300U. Hakusema kwa sauti. Aliniita jikoni. Kila mnunuzi wa kompyuta iliyotumika anapaswa kujua alichonieleza pale jikoni. Kwenye Core i5 na ndugu zake wa miaka ile, namba inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi. Ikiwa 6300, ni kizazi cha sita. Ikiwa 8250 au 8350, ni cha nane. Ikianza na 10 na ina tarakimu tano, kama 10310, ni cha kumi. Windows 11 inaweza kulazimishwa kuingia kwenye kizazi cha sita kwa kurukisha ukaguzi wake, na mafundi wengi wanafanya hivyo. Itawaka na itapendeza. Ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kuletewa marekebisho. Tulikuwa tumelipa ili kutoka kwenye mfumo usioletewa marekebisho, tukaingia kwenye mwingine ambao nao huenda usiletewe.

Kumwambia shemeji ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Alikuwa amejitolea, amepanda daladala mbili, amekataa hata kurudishiwa nauli. Mume wangu alitaka tunyamaze ili mdogo wake asiaibike mbele ya watoto. Nami nilijua tukinyamaza, kila kompyuta itakapogoma, aibu hiyo itarudi na riba. Baba akamwita chumbani kwake, mlango ukafungwa. Sikusikia waliyosema. Alipotoka aliniambia, "Shemeji, kesho twende wote. Nimemwamini mtu ambaye hata hakuniambia uongo, mimi sikujua cha kumuuliza."

Tukaenda. Muuzaji alianza na msemo wa dukani kwamba mali ikishatoka hairudi. Shemeji, ambaye siku zote ni mwepesi wa kupandisha sauti, safari hii aliongea taratibu. Alimwambia atakuja na wateja wake wote au hatakuja na yeyote. Tukaongeza hela, nyingi kuliko nilivyotaka, tukapewa ya kizazi cha nane yenye RAM GB 8. Kabla ya kulipa, nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika tpm.msc kama kijana alivyonielekeza. Likafunguka dirisha dogo, chini yake limeandikwa toleo: 2.0. Muuzaji akaniuliza mimi ni mwalimu wa kompyuta. Nikamwambia ni mweka hazina.

Nyumbani kijana alifuta kila kitu kilichowekwa na duka, ikiwamo Office ya wizi. Programu zinazotumika kuvunja kufuli za Windows na Office mara nyingi huja na wadudu wao, na mtu anayeweka humo hesabu za wenye maduka hawezi kuzivumilia. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi huwa zimebeba leseni ya Windows ndani yake tangu kiwandani. Ukipakua mfumo kutoka kwa Microsoft wenyewe ukauweka upya, unajitambua. Alipakua faili hilo, zaidi ya GB 5, kwa bando la usiku, na alfajiri mfumo ulijitambua bila kuulizwa namba.

Basi mashine mpya ikabaki na Windows, na sababu ni Tally. Programu ile imetengenezwa kwa Windows, nayo ndiyo inayoleta sehemu ya ada za shule. Mtu anaweza kuipenda Linux kiasi gani, lakini huwezi kumwambia mume wako akawaambie wenye maduka kwamba hesabu zao zitasubiri itikadi. Nilipenda kwamba kijana hakubishana na hilo hata kidogo.

Iliyokuwa imebaki ni ile ya kopo la maziwa. Kijana aliiomba. Alinunua kibodi ya USB ya bei ndogo ili kumaliza habari ya herufi A, akaweka diski ya SSD badala ya ile ya zamani inayozunguka, na akachagua Linux Mint yenye sura ya Xfce, ambayo haili RAM sana. Mint toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litaendelea kupata marekebisho mpaka 2029. Baba alitaka kujua asili yake yote, kwa hiyo jioni ile tulisimuliwa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo akakitoa kwa watu wakisome na kukirekebisha. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyekuwa ameshakwenda anga za juu mwaka 2002, akaanzisha Ubuntu, na kwa miaka kadhaa sidii zake zilitumwa bure kwa posta mpaka nchi za mbali. Mume wangu akakumbuka kuiona moja chuoni, imewekwa kwenye bahasha ya rangi ya udongo, na hakuna aliyethubutu kuijaribu. "Na simu zenu zote za Android," kijana akamalizia, "ndani zina kiini hichohicho. Babu, unatumia Linux tangu uliponunuliwa simu." Baba akaitoa simu mfukoni akaitazama upande wa nyuma.

Kilichonipendeza mimi ni kwamba Mint haikutaka tuiamini kwanza. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na mfumo mzima unakuja bila kugusa diski. Tuliutumia hivyo tukiujaribu. Hapo ndipo tulipogundua kwamba Wi-Fi ya mashine hiyo haionekani, kwa kuwa kadi yake inahitaji dereva, yaani programu ya kuiendesha, ambalo halimo kwenye flashi. Kijana akachomeka simu yangu kwa waya wa USB, akawasha intaneti ya kugawana, Mint ikaipokea palepale, ikatafuta dereva ikalileta. Printa yetu nayo, kuukuu, ambayo ile mashine mpya ilikuwa imekataa kuitambua kwa sababu walioitengeneza hawakuitolea dereva la Windows 11, ilichapa ukurasa wa Baba bila kudai chochote. Mume wangu, aliyekuwa ameshaandaa hela ya printa nyingine, alifurahi kuliko sote.

Usiku wa kuweka mfumo wenyewe, mafaili yote yalikwishanakiliwa kwenye diski ya nje, na kijana alimwonyesha babu yake faili la kijiji likifunguka kutoka humo kabla hajagusa kitu. Kwa kuwa betri ilikufa, tuliazima UPS kwa jirani mwenye duka la steshenari. Ilipofika katikati, umeme ukakatika mtaa mzima. UPS ikaanza kulia. Tulisimama wote gizani, nuru ikiwa ni ya kioo tu, tukitazama mstari unaojaa. Binti alikuwa anausoma asilimia kwa asilimia. UPS ile nayo ilikuwa na umri wake. Ikalia mfululizo, kisha kimya, na giza likawa kamili. Baba akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Kijiji changu kiko wapi?" Kijana akamwekea diski ya nje mkononi. Akalala nayo chini ya mto. Asubuhi umeme ulirudi, kazi ikaanza upya tangu mwanzo, na kabla ya saa nne Mint ilikuwa imekaa.

Baba hakuhitaji mafunzo marefu. Alitaka herufi kubwa na faili lake. LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na Mint, ilifungua historia ya kijiji na mistari yote ikakaa ilipokuwa, kwa sababu herufi za Liberation Serif zimetengenezwa zikiwa na upana uleule wa Times New Roman. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwa OpenOffice, na Baba alikuwa anakumbuka kwamba OpenOffice iliwahi kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, ikiitwa Jambo OpenOffice, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumbe alikuwa amesoma habari hiyo akiwa bado kazini na akaisubiri ifike shuleni kwake, haikufika. "Imenikuta nyumbani," akasema.

Chuo kikafunguliwa, kijana akapanda basi la Dodoma. Binti akafanya mtihani wake akamaliza. Desemba ikaingia, na ndipo swali la Baba lilipotufikia hasa.

Kikoba chetu cha mtaani huvunjwa kabla ya Krismasi. Kila Jumamosi mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Anakopa, anarejesha na riba, na mwisho wa mwaka fedha zote hugawanywa kufuata hisa. Aliyekuwa mweka hazina kabla yangu, sasa amehamia Mwanza, alituachia faili la Excel alilolitengeneza mwenyewe, lenye kitufe cha kijani kimeandikwa GAWIO. Ukikibonyeza, kila jina linapata kiasi chake. Wanachama walikipenda kitufe kile. Walikuwa wanasogea kukiangalia kikibonyezwa.

Ijumaa, mkesha wa mkutano, mume wangu alikuwa Morogoro kufunga hesabu za mwaka za mteja, na mashine mpya alikuwa nayo. Hata ingekuwapo isingenisaidia, kwa kuwa Excel haikuwamo. Nikalifungua faili kwenye Mint. Majina yalikuja, hisa zikaja, mikopo, riba, jumla, vyote sahihi. Nikabonyeza GAWIO. Kimya. Chini pakaandikwa kwamba makro, yaani maagizo yaliyo nyuma ya kitufe, zimezuiwa. Nikampigia kijana. Akamwongoza dada yake mpaka sehemu ya usalama, wakashusha kizuizi. Tukabonyeza tena. Sasa kilianza, kikasimama na kutoa ujumbe wa kosa. Makro ile iliandikwa kwa lugha ya Excel, nayo LibreOffice inaielewa sehemu tu.

Ilikuwa saa tatu usiku na akina mama walikuwa wanakuja asubuhi kuchukua jasho la mwaka mzima. Baba akatoka chumbani akiwa amevaa kanzu ya kulalia, akauliza kitufe kinafanya nini. Nikamwambia kinagawa. "Kinagawaje?" Kijana, kwenye simu iliyokuwa mezani, akasema, "Mama, usikibonyeze tena. Kifungueni mkisome."

Binti akafungua makro akaisoma mstari kwa mstari, kaka yake akatafsiri, babu yao akaandika kwenye karatasi. Sehemu kubwa ilikuwa ni kutafuta jina lililopo mstari gani. Hesabu yenyewe ilikuwa fupi: hisa za mwanachama, gawanya kwa hisa zote, zidisha kwa fedha iliyopo. Halafu binti akasoma mstari uliofuata: Int(gawio / 1000) * 1000.

"Rudia hapo," Baba akasema.

Akarudia. Baba akaweka kalamu chini. "Hiyo inakata. Kila mtu anapunguziwa mpaka elfu kamili. Yanayobaki yanakwenda wapi?"

Tukatafuta. Mistari miwili mbele, mabaki ya kila mwanachama yalikuwa yanajumlishwa na kuingizwa kwenye mfuko wa jamii, ule tunaoutoa kwa misiba na wagonjwa. Hakuna aliyekuwa ameiba. Pengine ilikuwa nia njema kabisa, kukwepa chenji siku ya kugawa. Lakini katiba ya kikoba haina kifungu hicho, na mwaka hadi mwaka wanawake zaidi ya ishirini walikuwa wamekatwa kwa uamuzi uliokaa ndani ya kitufe ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa.

Nilikaa na jambo hilo usiku ule baada ya simu kukatwa. Niliyokuwa nimeyasikia kwa kijana juu ya programu zilizo wazi, kwamba mtu awe na haki ya kusoma kinachoendesha mashine yake, niliyachukua kuwa ni mapenzi ya vijana wa chuo. Kumbe ni habari ya kikoba. Fedha za watu zikigawiwa na mashine, wenye fedha wawe na uwezo wa kuona zinagawiwaje. Na tusingeliona hilo kama kitufe kingeendelea kufanya kazi vizuri.

Tuliandika upya. Kila mwanachama akapewa kisanduku chenye fomula moja ambayo mtu yeyote anaibofya na kuiona. Baba hakukubali kuishia hapo. Akawachukua wanachama kadhaa kutoka kwenye daftari akawapigia hesabu kwa mkono, akianza na mwenye hisa chache kuliko wote, kwa sababu, alisema, hesabu ikikosewa mwenye kidogo ndiye anayeumia kwanza. Namba zilikubaliana hadi shilingi. Tukalala usiku wa manane.

Asubuhi niliipeleka hesabu kikobani ikiwa imechapwa, na fomula nimeiandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani. Nikawaeleza habari ya yale mabaki. Palikuwa na kelele, na zilistahili. Mmoja alitaka arudishiwe ya miaka yote. Mwingine akasema mfuko ule ndio uliomzika mama yake, kwa hiyo yaendelee kukatwa. Tulijadiliana mpaka jua likawa kali chini ya mwembe, kisha wakapiga kura: yaendelee kuingia mfuko wa jamii, lakini kifungu kiandikwe kwenye katiba na kiasi kisomwe kwa sauti kila mwaka. Kitufe cha kijani kikafutwa. Bibi mmoja mwenye hisa chache alinifuata baada ya kugawiwa, akataka nimwonyeshe kwenye karatasi ya manila namba yake inaingia wapi. Nikamwonyesha. Akaikokotoa mwenyewe kwenye simu yake, taratibu, akaipata.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja na kompyuta yake mwenyewe, ya kizazi cha sita, ikiwa na Windows 11 ya kulazimisha kama ile tuliyoirudisha. Alikuwa amekwishaijua namba inayofuata kistari na alikuwa anawaambia wateja wake. Alitaka Mint. Akauliza kijana anarudi lini likizo. Baba akamwambia hakuna haja ya kumsubiri, akamwita binti.

Binti akaja na flashi, akakaa mbele ya baba yake mdogo, akaishika kompyuta bila kuiwasha.

"Shikamoo, Baba mdogo. Picha zako na kazi zako umezinakili wapi?"

"Zimo humohumo."

"Basi bado," akasema, akamrudishia. "Nenda kalete diski ya nje kwanza. Na uje mchana, umeme huku unakatika usiku."

Shemeji akavaa viatu akaenda kuileta.